Sikio Lililopasuliwa na Njia ya Kurudi Kutulo

Leo nazungumza na nyumba iliyo na mgonjwa aliyetoka kupasuliwa sikio, au inayojiandaa kumpeleka. Nazungumza hasa na watu wa Kutulo, Tarbaj, Elwak, Wargadud na vijiji vyote vya barabara ya Wajir hadi Mandera, kwa sababu ninyi ndio mnaokaa mbali zaidi na daktari aliyeshika kisu.

Hospitali humaliza kazi yake kwa saa chache. Mgonjwa hulala usiku mmoja au mbili, wengine huruhusiwa siku hiyo hiyo, wakapewa dawa, tarehe ya kurudi na karatasi ya maagizo. Karatasi inasema: sikio lisiingie maji, usipenge kamasi, usinyanyue mzigo, usipande ndege bila ruhusa. Ni maagizo sahihi kabisa. Lakini yameandikwa kana kwamba kila mgonjwa ana mfereji ndani ya nyumba, hatawadhi mara tano kwa siku, na hospitali iko mwisho wa mtaa. Mtu wa Kutulo anaipokea, anaikunja, anaitia mfukoni, na kabla wiki haijaisha maisha yamemlazimisha kuivunja. Familia iliuza mbuzi ili apasuliwe. Inauma kuona kazi hiyo ikiharibika nyumbani kwa jambo ambalo lingeweza kupangwa mapema.

Tuelewane kwanza nini kimefanyika mle ndani, maana anayeelewa sababu ya katazo hulishika bila kusukumwa. Wengi wanaofika kwenye upasuaji huu ni watu ambao sikio limetoka usaha tangu utotoni. Mtoto alishikwa na mafua, sikio likauma usiku kucha, asubuhi likapasuka na usaha ukatoka. Ukakauka. Ukarudi. Miaka ikapita hivyo, na kiwambo cha sikio kikabaki na tundu lisiloziba. Daktari huchukua utando mwembamba unaofunika msuli wa panja, hapo juu ya sikio, au kipande cha gegedu la sikio lenyewe, akaliziba tundu nacho. Kazi hii ilipata umbo lake Ujerumani mwanzoni mwa miaka ya 1950, kwa mikono ya Horst Wullstein na Fritz Zöllner, na leo inafanywa Nairobi na kwingineko nchini. Kuna wengine ambao ugonjwa umepenya hadi mastoidi, ule mfupa wa nyuma ya sikio, au wana kolesteatoma, yaani ngozi iliyojikusanya ndani ya sikio na kula mifupa polepole. Hao huchongwa mfupa pia, na safari yao ya kupona ni ndefu zaidi. Nitawarudia.

Sasa, ule utando mpya kwa kawaida haushonwi. Unashikiliwa na sponji inayoyeyuka yenyewe na mara nyingi shashi iliyojazwa kwenye njia ya sikio, huku ukingoja mishipa midogo ya damu imee ndani yake. Kuna mrija unaotoka nyuma ya pua hadi sikio la kati. Ukipenga kamasi kwa nguvu, hewa hupanda mrija huo na kuuinua utando kama upepo unavyoinua turubai ambalo halijafungwa vigingi. Majuma mawili matatu ya kwanza ndiyo ya hatari kubwa. Kwa hiyo kamasi zifutwe kwa kitambaa, zisipengwe. Chafya ikija, na kwa vumbi letu itakuja, ipigwe mdomo ukiwa wazi, wala isizuiwe kwa kubana pua. Mama mwenye nyumba, siku hizo usifukize uunsi chumbani kwa mgonjwa. Najua harufu ya nyumba ni heshima ya nyumba, lakini moshi huleta chafya na kikohozi. Ufukize chumba kingine, au usubiri.

Mgonjwa atahisi nini? Maumivu ya siku za kwanza kwa wengi huwa ya kadiri, na panadoli huyatuliza. Asijinunulie aspirini dukani, maana inaweza kuongeza kutokwa damu. Bendeji kubwa ya kichwani hutolewa baada ya siku moja au mbili. Nyuzi za nyuma ya sikio, kama si zile zinazoyeyuka, hutolewa siku ya saba hadi ya kumi, na hilo muuguzi wa kituo cha afya anaweza kulifanya mkibeba barua. Sikio litaonekana limevimba na kusimama mbele kuliko mwenzake. Litarudi. Sehemu ya juu ya sikio itakuwa na ganzi kwa wiki, hata miezi, kwa sababu mishipa midogo ya ngozi imekatwa. Msichana anayesukwa nywele amwambie msusi, kwa kuwa hatahisi akichomwa au akivutwa.

Maji maji yenye rangi ya waridi au kahawia yanaweza kuchuruzika kidogo kwa muda wa wiki mbili. Kizunguzungu chepesi akigeuza kichwa haraka ni cha kawaida siku za mwanzo, kwa hiyo ainuke kitandani taratibu, akae kwanza, ndipo asimame. Alale na mito miwili, kwa upande usiopasuliwa. Upande mmoja wa ulimi unaweza kuonja chuma, au chai ikakosa ladha, na watu wakadhani ni dawa. Sababu ni mshipa wa fahamu wa ladha unaopita katikati ya sikio la kati, nyuma tu ya kiwambo, na daktari hulazimika kuusogeza. Kwa wengi ladha hurudi baada ya wiki au miezi.

Linalowatisha watu zaidi ya yote ni ukiziwi. Mtu aliambiwa atasikia vizuri, naye ametoka akisikia vibaya kuliko alivyoingia. Sauti yake mwenyewe inamvumia kichwani. Ndani ya sikio panatatarika, panabubujika, panalia kama mdudu. Anaanza kusema amedhulumiwa. Jamaa wanaanza kunong'ona. Wasikilizaji, sikio hilo limezibwa kwa makusudi! Shashi na sponji viko ndani, damu kavu iko ndani, uvimbe haujashuka. Hakuna hukumu inayoweza kutolewa wiki ya pili. Shashi hutolewa baada ya wiki moja hadi tatu kulingana na daktari, usikivu huanza kufunguka pole pole, na kipimo chenye maana hufanywa karibu mwezi wa tatu. Wanaoharibu sikio lao huliharibu katika kipindi hiki cha wasiwasi. Wanaingiza kijiti cha pamba, ufunguo, unyoya wa kuku, wakitafuta kuzibua kitu ambacho daktari mwenyewe amekiziba.

Na kuna tiba za jikoni. Bibi anayemwaga samli vuguvugu sikioni mwa mjukuu anafanya hivyo kwa mapenzi, na simdharau. Lakini kwenye sikio lililopasuliwa hakimwagwi kitu. Si samli, si mafuta ya simsim, si maziwa ya mama wala ya ngamia, si maji ya kitunguu. Yanaingia matone aliyoandika daktari peke yake, kwa siku alizozitaja. Jamaa wakubaliane kabla mgonjwa hajafika nyumbani kwamba mtu mmoja, mama au dada mkubwa, ndiye mwenye amri juu ya sikio hilo, na mgeni yeyote mwenye chupa ya dawa aelekezwe kwake.

Tuje kwenye maji, maana hapa ndipo karatasi ya hospitali ilipo fupi mno. Kuoga: chukua pamba kiasi cha ncha ya kidole gumba, ipake vaselini upande wa nje mpaka iwe inateleza, iweke mdomoni mwa sikio bila kuisukuma ndani. Oga kuanzia shingo kwenda chini kwa kata na ndoo. Ukimaliza toa pamba, itupe, usiitumie tena kesho. Pamba kavu bila vaselini hunyonya maji na kuyapeleka ndani, kwa hiyo hiyo ni mbaya kuliko kutokuwa na pamba kabisa. Nywele zisioshwe hadi daktari aruhusu. Siku ikifika, mtu mwingine azioshe, mgonjwa akiwa amelaza kichwa kidogo nyuma, na kikombe kimefunika sikio.

Udhu sasa. Watu huona haya kumuuliza daktari, na daktari asiye Mwislamu hajui aulize nini. Kuvuta maji puani na kuyapenga ni sawasawa na lile tulilokatazwa. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo wengi wetu tunayafuata huku na pwani, kusukutua, kupandisha maji puani na kufuta masikio ni sunna za udhu, si nguzo zake. Kwa hiyo mgonjwa ana nafasi ya kuviacha kwa muda bila udhu wake kubatilika. Palipo na bendeji kuna hukumu ya kupaka juu yake, na kuna tayamamu. Janaba ina maelezo yake zaidi. Mwendeeni sheikh wenu mapema, mkiwa na maneno ya daktari, msingoje alfajiri ya kwanza. Siku za mwanzo kuinamisha kichwa chini kunaongeza msukumo wa damu na kizunguzungu, basi aswali ameketi na asujudu kwa ishara. Dini imemruhusu mgonjwa, naye ni mgonjwa.

Na Ramadhani? Mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa baadaye. Akifunga, swali la matone huibuka kila mwaka. Baraza la kimataifa la fiqhi lenye makao yake Jeddah, katika kikao chake cha 1997, liliamua kuwa matone ya sikio hayafunguzi, ilimradi mtu asimeze kinachofika kooni. Wapo wanazuoni wenye kauli nyingine, na kila mtu ana sheikh wake. Ninachoomba ni kwamba dawa isiachwe kimya kimya kwa shaka ambayo ingeondolewa kwa swali moja.

Sasa mzigo. Mtungi wa maji wa lita ishirini una kilo ishirini. Mwanamke anayetoka kisimani na mtungi mgongoni, kamba ikivuta paji la uso, anakaza pumzi, na msukumo unapanda hadi sikioni. Madaktari wengi husema mzigo mzito ungoje wiki tatu au nne, wengine sita. Basi nani atateka maji Kutulo kwa mwezi mzima? Swali hili liulizwe kabla ya upasuaji, baba mwenye nyumba akiwepo. Mkokoteni wa punda ulipiwe. Mtoto wa shangazi aje akae. Nimewahi kuona mama akirudishwa hospitali na kiraka kilichonyanyuka, na alipoulizwa alisema ilikuwa siku ya sita tu alipoanza kubeba maji, kwa sababu hakukuwa na mwingine. Hatukumlaumu. Walaumiwe wanaume wazima waliokuwa wamekaa kivulini.

Nanyi wanaume, miraa. Utando umechukuliwa kwenye panja, juu ya msuli uleule unaotafuna. Siku kumi za kwanza kufungua mdomo tu kunauma, na mtu akikaa kikao kizima cha kutafuna anaukanda msuli huo kwa saa nyingi juu ya kidonda. Sigara ni mbaya zaidi. Moshi wake huharibu njia ya hewa inayolisha sikio la kati na hupunguza uwezekano wa kiwambo kushika. Nyama ya ngamia iliyokauka ingoje. Uji, wali, maharagwe, maziwa, anjera laini na mchuzi, hivyo vinamtosha.

Njia yenyewe ya kurudi. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Wajir haifiki 300. Hata ukishuka kwa gari sikio linahisi tofauti hiyo. Mgonjwa ameze mate, anywe maji kidogo kidogo, apige miayo, asizibe pua na kusukuma hewa ili sikio lizibuke. Kwa ndege mabadiliko huja kwa dakika chache, na madaktari wengi hutaka wiki sita au zaidi zipite. Wapo watu wetu waliozoea kuruka kwa sababu ya usalama, na nawaelewa. Hatujasahau Desemba 2019, basi la abiria liliposhambuliwa kwenye kipande cha barabara cha karibu na Kutulo. Kama familia haitapita njiani kwa gari, ilijue hilo kabla, imwombe daktari tarehe ambayo kuruka kutakuwa salama, na itafute jamaa Nairobi au Garissa wa kumhifadhi mgonjwa mpaka hapo. Barabara ya Isiolo, Wajir hadi Mandera inajengwa kwa mradi ambao Benki ya Dunia iliupitisha 2020, na itakapokamilika tutapumua. Kwa leo, mgonjwa akae kiti cha mbele, shali nyepesi ifunike sikio dhidi ya vumbi bila kulibana. Hijabu ifungwe kwa ulegevu upande huo. Bodaboda aiache, kwa mitikisiko na kwa kofia ngumu inayokandamiza kidonda.

Zipo dalili ambazo hazisubiri tarehe ya kurudi. Uso ukilegea upande mmoja, jicho likakataa kufumba au mdomo ukaenda kombo. Homa kali. Kichwa kinachouma kupita kiasi, shingo ikikakamaa, au mgonjwa akichanganyikiwa. Kizunguzungu kikali chenye kutapika. Damu mbichi isiyokatika. Usaha mzito wenye harufu, au uvimbe mwekundu nyuma ya sikio unaoongezeka badala ya kupungua. Hapo mgonjwa anapelekwa siku hiyo, iwe usiku au mchana: Elwak, Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Wajir, popote palipo karibu. Sikio limepakana na ubongo, na kati yao kuna mfupa mwembamba tu. Tangu 2023 serikali imewapa wahudumu wa afya ya jamii mikoba yenye vifaa, kipimajoto kikiwemo. Mjulishe wa kijiji chako siku mgonjwa anapofika, ampime homa jioni kwa jioni.

Nilisema nitawarudia waliochongwa mastoidi. Wengine hubakishiwa pango lililo wazi, yaani njia ya sikio imepanuliwa hadi ndani ya mfupa ili ugonjwa usijifiche. Pango hilo huchukua miezi kukauka, na baada ya hapo huhitaji kusafishwa na mtaalamu mara moja au mbili kwa mwaka, maisha yote. Kolesteatoma nayo inaweza kuota upya bila maumivu yoyote. Anayejisikia mzima na kuacha kurudi kliniki ndiye anayenitia hofu. Kwa hiyo kabla ya kuondoka hospitali, omba mambo matatu kwa sauti, usione haya: barua inayosema umefanyiwa upasuaji gani na sikio lipi, nambari ya simu ya wadi au kliniki, na jina la hospitali ya huku itakayokufuatilia. Nchini mwetu kuna maafisa wa kliniki waliosomea masikio, pua na koo katika chuo cha kitaifa cha mafunzo ya tiba, KMTC. Uliza yuko wapi aliye karibu nawe, Wajir, Mandera au Hospitali ya Rufaa ya Garissa. Kusafisha pango si lazima kukurudishe Nairobi kila mara.

Na kwa wakuu wa hospitali zinazotusikia: mgonjwa anapotaja Kutulo kwenye dawati la mapokezi, tarehe yake ya kwanza ya kurudi isiwe ya wiki moja kana kwamba anakaa Eastleigh. Ama akae karibu mpaka shashi itolewe, ama apewe barua ili itolewe Wajir. Maagizo asomewe kwa Kisomali na ndugu yake akiwepo, ndugu ayarudie kwa kinywa chake. Jambo hili haligharimu hata shilingi.

Sikio la pili nalo lisisahauliwe. Mara nyingi nalo linatoka usaha. Utafiti uliofanywa kwa watoto wa shule za Kiambu na kuchapishwa 1996 ulionyesha kuwa kulikausha sikio kwa pamba peke yake hakukuwa bora kuliko kutofanya lolote. Waliokaushwa na kupewa matone ya dawa na antibiotiki za kumeza ndio waliopona kwa wingi. Kwa hiyo tukiwa tunalilinda lililopasuliwa, tulitibu na hilo jingine, kwa dawa ya daktari.

Mtoto anaweza kurudi darasani baada ya wiki moja au mbili, bila mpira, bila kusukumana, bila kuogelea kwenye bwawa la mvua. Mzazi aende mwenyewe kwa mwalimu. Amweleze ni sikio lipi limezibwa, na kwamba mtoto akae dawati la mbele huku sikio zima likimwelekea mwalimu. Asiadhibiwe kwa kutoitikia. Mwezi wa tatu atapimwa, na kwa wengi kiwambo kinakuwa kimefunga. Kwa wachache hakifungi, na daktari anaweza kurudia baada ya miezi kadhaa. Kikifunga na usikivu bado ni hafifu kwa sababu vifupa vya ndani viliharibika zamani, kuna upasuaji mwingine na kuna vifaa vya kusikia. Hayo yaulizwe siku hiyo ya kipimo, na nauli yake ianze kuwekwa kando sasa.